Mashati Yasiyo na Akiba

Jumatatu asubuhi mke wa fundi alifika barazani pale mumewe anaposhonea, akaweka robota la kitambaa cha buluu juu ya meza ya kukatia, na juu ya robota akaweka daftari. Alisimama upande wa wateja. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hakuwahi kusimama upande ule.

“Mashati kumi na saba,” alisema. “Ya watoto wangu.”

Fundi akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Watoto wake yeye na mwanamke huyu walikuwa wawili tu, wote wanaume wenye ndevu, kila mmoja yuko kwake. “Watoto wako gani?” aliuliza, na jibu analo.

“Wa kule.”

Kule maana yake nchi ya watu. Mwanamke huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka ule ule aliostaafu akajiandikisha kwenda kufundisha hesabu kwa kujitolea, bila mshahara, katika shule isiyo na mwalimu. Aliaga kwa miezi sita, akakaa mwaka na nusu. Sasa ana wiki tatu tangu arudi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alikuwa amezoea kumwita hivyo hivyo.

Mshona viatu, ambaye alichangia baraza moja na fundi, aliinua kichwa kutoka kwenye soli aliyokuwa anaigonga. “Fundi, wewe una bahati yako. Wake za wenzio huja hapa kutaka hela ya soko, wako kaja na kazi.”

“Kazi ya bure hiyo.”

“Hata kama. Kaja nayo.”

Mwalimu akacheka, fundi hakucheka. Alifungua daftari. Mwandiko aliujua, ule mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima kama mtoto anayesubiri kukaguliwa kucha. Lakini maneno hakuyaelewa. “Kifua, shibiri tatu na vidole vinne. Mgongo, shibiri mbili kasoro kidole. Ndiyo nini hii?”

“Vipimo. Kule sikuwa na tepu, niliwapima kwa mkono.”

“Mkono wa nani?”

“Wangu. Ulitaka nikaazime wa nani?”

“Basi ulete,” fundi akasema. “Bila kujua shibiri yako ni inchi ngapi, nitakata kwa kubahatisha.”

Mwalimu akaweka mkono mezani, akaupanua. Fundi akavuta tepu kutoka shingoni, akaishika ncha kwenye kidole gumba cha mkewe, akaivuta mpaka kidole cha mwisho. Inchi saba na nusu. Aliandika kwa chaki pembeni ya meza. Miaka thelathini na moja alikuwa ameushika mkono ule, kwa raha na kwa msiba, wala hakuwahi kujua una inchi ngapi. Na wakati anaikunja tepu akaona kovu dogo kwenye kidole gumba, kovu jipya.

“Na hili?”

“Kopo la chaki lilinikata. Kale katoto ninakokaita Kivuli ndiko kalikonifunga kitambaa. Kakakataa kwenda kucheza siku nzima, kamekaa tu kananiangalia kidole.” Alisema hayo huku anatabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa la pale barazani. Lilikuwa limepita juu ya kichwa cha mumewe, likaenda zake.

Fundi akaachia mkono.

“Mzigo unaondoka Alhamisi jioni,” Mwalimu alisema. “Kuna dereva wa lori nimezungumza naye. Utaweza?”

“Nimewahi kushindwa?”

“Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Alipokwisha kwenda, mshona viatu aligonga misumari miwili mitatu, halafu akauliza bila kumtazama mtu: “Hivi fundi, huyu mama amerudi, au amepita tu kukusalimia?”

* * *

Jioni ile walikunywa chai. Mwalimu alimmiminia mumewe kikombe, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga, akamsogezea. Fundi alikuwa ameacha sukari mwaka mzima uliopita, kwa amri ya daktari, na habari hiyo alimwambia mkewe kwenye simu si mara moja. Aliitazama chai ile. Akainywa yote, kwa makusudi, kama mtu anayekunywa dawa ili mwenzake aone uchungu wake. Mwenzake hakuona. Alikuwa na simu sikioni.

Kila jioni simu ile ilijaa sauti. Watoto wa kule walijirekodi mmoja mmoja, wengine wakisukumana ili wasikike, na Mwalimu aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Walisema lugha yao, naye aliwajibu kwa lugha hiyo hiyo. Akicheka, anacheka peke yake. Fundi aliyekaa pembeni yake alikuwa kama mtu aliyefika msibani kwa watu asiowajua. Hajui alie wakati gani.

“Anasema nini?” aliuliza.

“Nani?”

“Huyo aliyekuchekesha.”

“Ah, ukieleza haichekeshi.” Akasikiliza tena. “Huyu ni yule wa mkono wa kushoto. Mama yake alimchapa ili aandike kwa kulia, mimi nikamwambia mama yake niachie. Sasa hivi ndiye mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.”

“Mimi ninatumia mkono gani kukata?”

Mwalimu akashusha simu. “Swali gani hilo, baba watoto?”

“Swali tu.”

“Wa kulia.”

Ni kweli ulikuwa wa kulia. Fundi aliona haya, lakini haya ile haikumtuliza, ilimzidishia uchungu. Ndipo akauliza lile ambalo limemkaa rohoni tangu wiki iliyopita, aliposikia sauti ya mtu mzima kwenye simu, mkubwa wa shule ya kule, sauti ya kubembeleza.

“Yule mkubwa wa shule alikuwa anataka nini?”

Mwalimu akaanza kukusanya vikombe. “Wameomba nirudi. Mwaka mmoja mwingine.”

“Nawe ukasemaje?”

Alisimama na vikombe mkononi, mgongo kaupa mlango. “Tushone kwanza mashati,” alisema.

Mwanamume mwenye moyo mtulivu angeuliza mara ya pili. Wivu hauulizi, wivu unajijibu. Fundi alijijibu hapo hapo alipokaa: anarudi. Anarudi na mashati yangu mkononi, na mimi ndiye nimemfungia mzigo.

* * *

Jumanne saa sita mchana Mwalimu alikwenda kununua vifungo. Simu yake aliiacha barazani ikichajiwa, juu ya meza ya fundi. Ikalia. Fundi akaiacha. Ikalia tena, na mshona viatu akasema, “Pokea bwana, huenda mtu kafa.”

Akabonyeza. Kioo kikajaa uso wa msichana wa miaka kumi hivi, mwenye pengo mbele, na nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa nusu.

“Shikamoo,” msichana akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kufundishwa, kila neno limewekwa chini taratibu kama yai.

“Marahaba.”

“Naomba Mwalimu wetu.”

Wetu. Fundi alihisi neno lile likimpita ubavuni kama sindano iliyokosa kitambaa. “Amelala,” alisema.

“Saa sita hii?” mshona viatu akanong’ona.

Uso wa msichana ukabadilika. “Anaumwa?”

“Haumwi. Amelala tu.”

“Mwambie,” msichana akasema, akatafuta maneno, akayapata. “Mwambie Kivuli amemaliza jedwali la tisa. Lote. Bila kuangalia.”

“Nitamwambia.”

Hakumwambia. Mwalimu aliporudi na vifungo, akauliza kama kuna aliyepiga, fundi alijibu huku ameshika pini mdomoni kwamba hakuona. Mshona viatu alimtazama kidogo, akashika kiatu kingine.

Fundi yule alikuwa na desturi yake. Kabla mkasi haujagusa kitambaa hutaja jina la Mungu, kimoyomoyo, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi. Alirithi hilo kwa aliyemfundisha kazi. Na alirithi lingine: nguo ya mtoto wa shule haikatwi kwa kipimo cha leo. Unaacha akiba. Vidole vitatu kwenye pindo, viwili kwenye mkono, kimoja kila ubavu, vinakunjwa kwa ndani visionekane. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua na kushusha, na shati la mwaka huu linavaliwa mwaka kesho. Shati lisilo na akiba linapendeza siku ya kwanza tu. Miezi mitatu minne, tumbo liko nje.

Jumanne hiyo mchana alitandika kitambaa cha buluu mezani. Akafungua daftari pembeni. Chini ya kila kipimo Mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili matatu. “Huyu hukunja mabega akiulizwa swali, usimkazie mgongoni.” “Huyu bega la kushoto limeshuka, anabeba maji.” “Huyu anapenda mfuko, mpe mifuko miwili.” Na kwa Kivuli: “Huyu anakua haraka.”

Fundi akasoma yote. Akatafuta, mpaka ukurasa wa mwisho, kama mtu aliyepoteza kitu chake mle ndani. Halafu akachukua chaki akachora mashati kumi na saba kwa kipimo kile kile cha daftari, bila kuongeza hata kidole. Akachukua mkasi. Jina la Mungu hakulitaja. Hakusahau, aliona haya kulitaja.

Akakata.

Mpaka Jumatano adhuhuri alikuwa ameshona yote. Kwa macho yalikuwa mazuri, kola zimesimama, mishono imenyooka. Na akiba ile aliyowanyima watoto ilibaki mezani, yadi mbili na ushee za kitambaa cha buluu. Alikiangalia kitambaa kile muda. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye angelisikia kwa mtu mwingine angecheka. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo cha wateja, tepu inateleza mgongoni, anaishika na kuipoteza, akajishonea shati.

* * *

Jumatano alasiri Mwalimu alikaa chumbani na kikapu cha mashati kumshonea mumewe vifungo. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu wakiwa wachanga wa ndoa. Yeye vifungo, mwanamume mashine. Fundi alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha.

Vifungo sita, shati la kwanza. La pili. La tatu akalipindua kukata uzi, kidole kikapita kwenye pindo. Kikasimama. Kikapita tena. Akalichukua la nne akalipindua, la tano, la kumi. Alikuwa anakagua kama anavyokagua madaftari, haraka na bila kuruka.

“Baba watoto.”

“Naam.”

“Akiba iko wapi?”

Fundi akapiga pasi mahali ambapo alikuwa amekwisha kupapiga.

“Nakuuliza wewe. Umenifundisha mwenyewe, nikiwa hata sijui kushika sindano vizuri, ukanambia nguo ya mtoto bila akiba ni wizi. Iko wapi?”

“Kitambaa hakikutosha.”

“Mwenye duka alinipigia hesabu mbele yangu, akaniongezea na yadi ya juu.” Alisimama. Hakupandisha sauti, walimu wazuri wakikasirika sauti hushuka. Alikwenda kwenye kabati, si kwa kujua, bali kwa kuwa mle ndimo mlikuwa na mabaki ya vitambaa. Akafungua. Limetundikwa mbele yake shati la buluu la mtu mzima.

Alilitoa. Akaligeuza mbele na nyuma, akaona kola, mifuko, mikono mirefu. Alilishika kwa vidole viwili, mbali kidogo na mwili wake.

“Umejishonea sare?”

Alikuwa na miaka sitini na mbili, mtu wa kuheshimika, watu walimpa nguo zao za harusi na sanda za wazazi wao bila kumwuliza swali. Na sasa amesimama na pasi ya moto mkononi kama mtoto aliyekutwa na kalamu ya mwenzake.

“Utasema au husemi?”

“Ningesemaje?” sauti ilimtoka kwa kukwaruza. “Kila jioni nakaa pale. Unajua nani anabeba maji, nani anakunja mabega, nani anataka mifuko miwili. Mimi nimeacha sukari mwaka mzima, mama, mwaka mzima! Juzi umenitilia vijiko vitatu, nikanywa. Hukuuliza hata.”

Mwalimu akamgeukia. “Kwa nini usiniambie?”

“Nilikwambia. Kwenye simu. Nyuma yako walikuwa wanaimba.”

Pasi ikaanza kunukia, fundi akaiweka pembeni.

“Kwa hiyo ukawakatia watoto wafupi,” Mwalimu akasema, “ili iweje?”

“Si unarudi? Utawashonea mengine.”

“Nani amekwambia narudi?”

“Ulisema tushone kwanza mashati.”

Mwalimu akakaa kitandani, shati la buluu likiwa mapajani. “Nilishakataa,” alisema. “Wiki iliyopita, siku ile ile aliyopiga. Nilimwambia mkubwa wa shule siwezi, nina mume, miguu inauma, nimechoka na kitanda cha peke yangu. Mashati yalikuwa ndiyo kwaheri yangu. Niliondoka kule wakiwa likizo, sikuwaaga hata mmoja. Nikasema angalau wapate kitu kimoja kizuri kilichotoka nyumbani kwangu, kikae miaka miwili mitatu. Ndiyo maana sikwenda kununua ya dukani. Nilitaka ya mkono wako.”

Fundi akamsogelea. “Kwa nini hukunambia?”

“Kwa sababu nilitaka kulia kidogo,” Mwalimu akasema. “Nikajua nikikwambia, mimi nitalia na wewe utafurahi. Sikutaka nikuone ukifurahi.”

Hayo ndiyo waliyofichana, watu wazima wale wawili chini ya paa moja. Fundi alifurahi kweli, Mungu anamwona. Furaha ilimwingia kabla ya aibu, kwa dakika ndogo, na mkewe aliiona usoni mwake, akageuza macho akatazama dirishani.

Kisha aibu ikaja, na hiyo ilikaa.

Alilichukua lile shati mapajani kwa mkewe. Akatoa wembe wa kufumulia kwenye kopo, akakaa sakafuni, akaanza kwenye bega.

“Unafanya nini?”

“Linafumuka. Likifumuka natoa mikanda, upana wa vidole vitatu. Nafumua pindo za watoto, naunga mkanda kwa ndani, nakunja. Na kwenye mikono hivyo hivyo. Kwa nje haitaonekana mpaka siku watakaposhusha.”

“Kitatosha?”

Fundi akapiga hesabu kwa midomo. “Pindo zitatosha. Mikono, sijui. Tutaona mbele ya safari.”

Mwalimu akashuka kitandani, akakaa sakafuni naye, akavuta wembe wa pili. Kabla fundi hajatia mkasi kwenye kile kitambaa alisimamisha mkono, akataja jina la Mungu. Safari hii alilitaja kwa sauti.

* * *

Alhamisi asubuhi fundi alifungua baraza mapema kuliko siku zote. Mwalimu alikuja naye, akakaa upande wa ndani, karibu na cherehani, akifumua pindo na kumkabidhi. Mshona viatu alipofika akawakuta wamezungukwa na buluu.

“Jana si mlimaliza nyie?”

“Fundi alikosea,” Mwalimu akasema.

“Fundi? Huyu? Akosee?”

“Nilikosea,” fundi akasema, bila kuinua macho. Mshona viatu akaona jambo lile si la kutania, akawatengenezea nafasi, akasogeza viatu vyake. Baadaye kidogo akajitolea kushika ncha za mikanda isiburuzike chini.

Mpaka alasiri mashati kumi na sita yalikuwa na akiba ya pindo na ya mikono. La kumi na saba lilikuwa la Kivuli. Fundi alikuwa ameliacha la mwisho, na hakusema kwa nini. Pindo likapata. Mkono wa kulia ukapata. Mkono wa kushoto ukakosa, kitambaa kimekwisha kabisa. Ilibaki mifuko ya lile shati lake tu. Akaifumua, mmoja na wa pili, akaiunga pamoja, akaipunguza, ikatosha pasipo na hata uzi wa ziada.

Alipokata uzi wa mwisho aliliweka shati mezani, akalilainisha kwa kiganja.

“Mwalimu.”

“Naam.”

“Huyu Kivuli alipiga simu Jumanne. Nilimwambia umelala.”

Mwalimu aliyekuwa anakunja mashati akaacha. Mshona viatu akagonga msumari ambao ulikuwa umekwisha kuzama.

“Alisema nini?”

“Amemaliza jedwali la tisa. Bila kuangalia.”

Mwalimu alimtazama mumewe, na kutazama kule hakukuwa na huruma. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akamwekea mkononi. “Mwambie mwenyewe kwamba ulidanganya.”

“Mimi?”

“Wewe. Anaelewa Kiswahili.”

Simu ikaita. Uso wenye pengo ukatokea, ukatafuta Mwalimu, ukamkuta fundi.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.” Fundi akakohoa. “Jumanne nilikudanganya. Mwalimu wenu hakuwa amelala. Sikutaka tu uzungumze naye.”

Msichana akafikiri. “Kwa nini?”

Watoto huuliza hivyo, na mtu mzima hana pa kukimbilia. “Nilikuonea wivu,” fundi akasema, mbele ya mkewe, mbele ya mshona viatu, na mbele ya mama mmoja aliyekuja kufuata sketi yake.

Kivuli hakushangaa hata kidogo. “Na mimi,” alisema. “Wewe unakaa naye kila siku.”

“Hebu nisomee hilo jedwali,” fundi akasema.

Msichana akasimama wima, mikono nyuma, akaanza. Tisa mara moja, tisa. Tisa mara mbili, kumi na nane. Fundi alishika simu mbele yake kama kitabu, akisikiliza. Ndipo akahisi mkono mgongoni mwake. Kidole gumba kiliwekwa penye mfupa wa bega la kulia, kidole cha mwisho kikapanuliwa mpaka karibu na katikati ya mgongo. Mkono ukainuliwa, ukawekwa tena pale ulipoishia, taratibu, mpaka bega la kushoto.

“Shibiri mbili na vidole vinne,” Mwalimu akasema nyuma yake, akalivuta daftari, akafungua ukurasa wa mwisho.

“Andika na sukari,” fundi akasema.

“Nyamaza, mtoto anasoma. Na usikunje mabega.”

Tisa mara saba, sitini na tatu. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umehamia kwenye mkono wa mumewe, unashuka kutoka begani kwenda kiwikoni. Wivu wake ulikuwa bado uko mle ndani, haukwenda popote, ulikuwa umekaa tu umetulia. Fundi akasimama wima, akapunguza pumzi asije akaharibu kipimo.